Kinachokwenda na Kinachokisimamisha: Mhadhara wa Fizikia Uliotolewa Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na ndugu zangu mliotoka Ujiji, Gungu, Mwanga na Kibirizi, nawasalimu wote. Nimeombwa nizungumzie misingi ya fizikia, yaani mwendo, kani (msukumo au mvuto wowote unaoweza kubadili mwendo wa kitu), nishati na umeme, katika muda wa jioni moja. Muda huo hautoshi kwa mambo yote hayo, na sitajaribu kuyamaliza. Nitashika jambo moja ambalo naamini ndilo linalowakwamisha wanafunzi wetu wengi, nami nitalifuata kutoka kwenye boti hadi kwenye taa: tumezoea kudhani kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kusukumwa.

Tuanze na boti ya injini inayotoka mwalo wa Kibirizi kuelekea Kagunga. Ikisha kutoka na kufikia mwendo wake wa safari, inakwenda kwa mwendokasi ule ule, bila kuongeza wala kupunguza. Niliwahi kuuliza swali hili mbele ya darasa, nami nawauliza ninyi pia: wakati huo, msukumo wa injini ni mkubwa kuliko ukinzani wa maji na upepo, ni mdogo, au ni sawa? Wengi hujibu kwamba ni mkubwa, kwa kuwa boti inakwenda mbele. Lakini kama msukumo ungezidi, boti ingeendelea kuongeza mwendo dakika baada ya dakika mpaka Kagunga, na hakuna abiria aliyewahi kuliona jambo hilo. Jibu sahihi ni kwamba kani hizo mbili ziko sawasawa, zinafutana, na boti inaendelea kwenda kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuibadilisha.

Najua jibu hilo linakera. Liliwakera pia watu wenye akili nyingi kwa karne nyingi, maana Aristotle wa Ugiriki ya kale alifundisha kwamba kila kinachokwenda lazima kiwe na kinachokisukuma, na mafundisho hayo yalikubaliana vizuri na macho ya watu: sukuma toroli, litakwenda, liache, litasimama. Galileo wa Italia ndiye aliyeanza kulivunja wazo hilo kwa kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa na kuona kwamba kadiri njia inavyolainishwa ndivyo mpira unavyofika mbali zaidi. Isaac Newton wa Uingereza akaliweka katika kanuni mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda katika mstari ulionyooka kwa mwendokasi ule ule, mpaka kani isiyo na ya kuifuta ikibadilishe. Toroli husimama kwa sababu ya msuguano, na msuguano nao ni kani. Kosa letu ni kutoihesabu kani hiyo, kwa kuwa haina mkono unaoonekana.

Sisi wa mwisho wa Reli ya Kati tuna bahati ya kuwa na kifaa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko toroli lolote. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina ukinzani mdogo mno. Tuchukulie kani inayolingana na uzito wa kilo 2 kwa kila tani ya treni. Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye reli tambarare, dereva akizima msukumo wa injini na asiguse breki, ingeteleza karibu kilomita 5 kabla ya kusimama, tukiuacha upepo nje ya hesabu. Ndiyo maana mtu anayevuka reli kwa kujiambia kwamba dereva ameshamwona hajajiambia chochote cha maana. Dereva kukuona na treni kusimama ni mambo mawili yaliyotengana kwa mamia ya mita, hata breki zikifungwa zote.

Kanuni hiyo hiyo inahusu vitu vilivyotulia. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuelezwa ni ipi, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Chuma chake kilikuwa kizito kuliko maji, lakini umbo lake liliyasukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake wote, na maji hayo yakaisukuma juu kwa kani sawa na ile iliyoivuta chini. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Maji yalipoingia ndani, uzito ukazidi kani ya kuinua, ikashuka. Walikuwa wamezipaka injini zake grisi nyingi kwanza, na meli ilipoinuliwa mwaka 1924 injini hizo zilikuwa bado zinafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927. Grisi ni habari ya kemia, kwa hiyo naiacha hapo.

Sasa tuulize swali la pili. Kama mwendo hauishi wenyewe, basi kitu kinaposimama, ule mwendo umekwenda wapi? Mwulize dereva wa bodaboda anayeshuka mteremko wa Mwanga kuelekea stesheni akishikilia breki. Mwambie aguse ngoma ya breki akifika chini, ingawa mimi simshauri afanye hivyo kwa kidole kitupu. Joto atakalolikuta pale ndiyo nishati ile ile aliyokuwa nayo pikipiki kule juu. Mtu aliyeipima biashara hii kwa uangalifu alikuwa James Joule wa Uingereza, ambaye katika miaka ya 1840 alitumia mizigo inayoshuka kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, akapima maji yalivyopata joto, na kuonyesha kwamba kila mara kiasi kile kile cha kazi hutoa kiasi kile kile cha joto. Hakuna kilichopotea. Kipimo cha nishati, jouli, kimepewa jina lake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hesabu yake inahusu maisha ya watu. Nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi. Ukiongeza uzito wote, wa chombo na mzigo wake, mara mbili, nishati inakuwa mara mbili. Ukiongeza mwendokasi mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, yenye breki zinazoweza kuipunguzia mwendo mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde: itasimama baada ya mita 12 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, breki hizo hizo zitahitaji mita 49. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla ya kushika breki, na katika sekunde hiyo, kwa mwendo huo wa pili, pikipiki imeshakula mita 22. Jumla inapita mita 70. Dereva aliyebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, anajua kwamba ameongeza uzito, na mara nyingi hupunguza mwendo kidogo kwa woga. Yule aliye peke yake na barabara nyeupe mbele yake ndiye anayebeba nishati kubwa kuliko wote bila kujua. Ningependa hesabu hii ifundishwe kabla ya mtu kupewa leseni, na ifundishwe kwa namba, maana maneno ya kuonya tumeshayasikia mpaka hayaingii tena.

Nishati hukaa pia katika kitu kilichoinuliwa, hata kikiwa kimetulia. Maji yaliyo juu ya maporomoko ya Mto Malagarasi yana nishati ambayo maji yaliyo chini yake hayana tena, na tofauti hiyo ndiyo mtambo wa umeme wa maji huitumia. Lakini ni nishati kiasi gani? Lita 1,000 za maji, yaani tani moja, zikishuka mita 10, hutoa jouli 98,000. Uniti moja ya umeme, ile tunayoinunua kwa LUKU, ni jouli milioni 3.6. Kwa hiyo uniti moja inahitaji tani 37 za maji yashuke mita 10, na kwa kuwa hakuna mtambo usiopoteza chochote, kwa kweli zinahitajika zaidi ya 40. Tulete hesabu jikoni: kuchemsha lita moja ya maji ya chai, ambayo hapa Kigoma, kwa kuwa ziwa letu liko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kunahitaji jouli 300,000 na kidogo. Maana yake, ili birika moja lichemke, zaidi ya lita 3,000 za maji zishuke mita 10. Tangu nilipoifanya hesabu hiyo, sishangai tena kwa nini jiko la umeme linamaliza uniti wakati taa haionekani kuzigusa.

Maji yanayoshuka yanakuwaje umeme? Mwaka 1831 Michael Faraday, wa Uingereza pia, aligundua kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Jenereta zote, ziwe za maji au zile za dizeli zilizouangazia mji huu kwa miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, ni kazi ya ugunduzi huo. Na hapa kani inarudi. Aliyewahi kusimama karibu na jenereta ndogo ya dukani anajua kwamba mtu akichomeka pasi, injini huguna. Waya unaopitisha umeme ndani ya jenereta unageuka sumaku na kukinzana na kile kinachouzungusha. Injini lazima isukume zaidi na kula mafuta zaidi. Usipochomeka kitu, sumaku inazunguka karibu bure, ikipigana na msuguano tu.

Umeme nao una msuguano wake, tunaouita ukinzani, na waya unaopitisha mkondo hupata joto kulingana na kipeo cha pili cha mkondo huo. Ndiyo sababu ya nguzo zenye volti 33,000. Wati ni volti zikizidishwa kwa ampea za mkondo, kwa hiyo ukitaka kusafirisha kilowati 100 kwa volti 230, utahitaji mkondo wa ampea 435. Kwa volti 33,000, ampea 3 zinatosha. Katika waya ule ule, joto linalopotea linapungua zaidi ya mara 20,000. Hatari ya waya zile ni gharama tunayolipa ili umeme usiishie njiani.

Hesabu hiyo iko pia ndani ya mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, waliokuwa wakitumia karabai na sasa wanatumia taa za betri. Betri ya volti 12 ikiwasha taa za wati 60, mkondo ni ampea 5, mkubwa kuliko wa pasi ya wati 1,000 iliyochomekwa ukutani nyumbani. Mvuvi akitumia waya mwembamba na mrefu wenye ukinzani wa omu 0.4 kwenda na kurudi, volti zipatazo 2 (ampea 5 mara omu 0.4) zinabaki katika waya, taa zinafifia, na yeye anailaumu betri. Kabla ya kununua betri nyingine, na apime volti kwenye betri, kisha kwenye taa zikiwa zimewaka. Zikitofautiana kiasi hicho, anunue waya mnene zaidi na aufupishe kadiri chombo kinavyoruhusu.