Hekalu Lililoanzia Kwenye Paa

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa ujenzi mliojaza viti vya nyuma, habari za jioni.

Mchana huu nilimuuliza mwanafunzi mmoja: nyumba inaanzia wapi? Akajibu bila kusita, "Kwenye msingi, mwalimu." Kajibu sawa. Ndivyo ninavyofundisha tangu nilipoanza kazi hii. Lakini jioni ya leo nataka niwapeleke mahali ambapo paa lilitangulia, kuta zikafuata, na sakafu ikaja mwisho kabisa. Na waliolifanya hekalu hilo hawakubandika jiwe juu ya jiwe.

Mahali penyewe ni Ellora, katika jimbo la Maharashtra, India, kiasi cha kilomita 30 kutoka mji uliojulikana kwa karne nyingi kama Aurangabad, ambao leo unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar. Kwenye ubavu wa mlima kuna mapango 34 yaliyochongwa kwa mkono, ya dini tatu zilizokaa jirani: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu, 5 ya Wajaini. Hekalu la Kailasa ni namba 16. Kuliita pango ni mazoea tu, kwa sababu halina mlima juu yake. Limesimama peke yake, wazi juani, ndani ya shimo lililochimbwa kulizunguka.

Nilifika asubuhi na mapema. Nilipita lango la mbele, na kwa saa nzima nilitembea nikitazama kama mgeni yeyote: nguzo, sanamu, tembo. Niliona uzuri, lakini sikuelewa. Nilielewa nilipopanda njia ya pembeni inayokwenda juu ya mlima, nikasimama ukingoni na kutazama chini. Paa lilikuwa miguuni mwangu. Juu ya paa la ukumbi kuna ua kubwa la yungiyungi, limezungukwa na simba wanne, na nyuma yao mnara unapanda hadi karibu mita 30 kutoka uani. Kilele cha mnara kiko karibu usawa wa ardhi niliyosimama. Hapo ndipo ilinijia: fundi wa kwanza alisimama hapahapa nilipo mimi, na chini yake hapakuwa na kitu ila mwamba mzima.

Tuifikirie kazi yenyewe. Mlima ule ni mwamba mweusi wa volkano, ndugu wa mawe wanayojengea watu wa Moshi na Arusha. Ni mgumu, haucheki na mtu. Mafundi walichimba mitaro mitatu mirefu kuingia mlimani, mmoja nyuma na miwili ubavuni, wakaacha katikati bonge la mwamba limetengwa pande zote. Shimo lote lina urefu wa mita 82 hivi na upana wa mita 46. Kisha wakaanza kulichonga lile bonge kutoka juu kushuka chini, kwa tindo, nyundo na sululu. Hawakuhitaji jukwaa la miti, kwani mwamba ambao haujachongwa ndio uliokuwa jukwaa lao. Walimaliza mnara wakiwa wamesimama juu ya mabega ya hekalu, na mabega hayo wakayachonga wakiwa wamesimama mahali ambapo baadaye pangekuwa madirisha.

Sasa vijana, nisikilizeni hapa. Mwashi akikosea tofali, analing'oa. Fundi wa milango ya Unguja akiharibu ua moja kwenye fremu, anatafuta kipande kingine cha msaji, anapoteza siku mbili au tatu. Fundi wa Kailasa akipiga tindo ikala zaidi ya inavyotakiwa, pale palipotakiwa pawe pua ya mungu hapana pua tena mpaka mwisho wa dunia. Kila nguzo ilibidi iwe imeshaamuliwa kabla ya paa lililo juu yake kuguswa. Daraja la jiwe linalounganisha banda la Nandi, yule fahali wa Shiva, mungu wa Kihindu ambaye hekalu hili ni lake, na ukumbi mkuu liliachwa likining'inia wakati jiwe la chini yake linaondolewa. Ungesahau kuliacha, usingeweza kulirudisha. Mimi nimechora ramani nyingi maishani, na bado kichwa changu kinagoma kufikiri kwa mpangilio huo wa kinyume.

Inakadiriwa waliondoa tani 200,000 za mwamba. Hekalu linahusishwa na mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, aliyetawala takriban mwaka 756 hadi 773. Chukua miaka hiyo 17, kila mwaka siku 300 za kazi. Gawanya. Unapata karibu tani 40 kwa siku: malori manne ya tani kumi, kila siku, kwa mikono. Wako wataalamu wanaosema kazi ilipita mikononi mwa wafalme zaidi ya mmoja, kwa kuwa mitindo ya uchongaji inatofautiana kutoka sehemu hadi sehemu. Mimi nimeona tofauti hizo, hasa kwenye vyumba vya pembeni, na nawaunga mkono kwa kiasi. Lakini mwili mkuu wa hekalu ni wazo moja.

Na wazo hilo halikutoka hewani. Kusini zaidi, kule Pattadakal na Kanchipuram, yalikuwepo mahekalu ya Shiva yaliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa, ya zamani kidogo kuliko hili, na ukiyatazama unaona kabisa kwamba yanafanana na Kailasa. Mafundi walikuwa na mfano kichwani. Walichokifanya Ellora ni kuuzaa mfano ule kwa njia ya kupunguza badala ya kuongeza.

Sanamu ni nyingi mno, nitaitaja moja. Upande wa kusini, chini, yuko Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi na mikono mingi. Ameingia chini ya mlima Kailasa, makao ya Shiva, anautikisa ili aung'oe. Juu, Parvati ameshtuka na kumshika mumewe. Shiva ametulia, anaukandamiza mlima kwa kidole cha mguu tu, na Ravana ananaswa. Sasa tazameni ujanja wa mchongaji: hekalu lenyewe linaitwa Kailasa. Kwa hiyo Ravana yule hatikisi mlima wa hadithi, anatikisa jengo ulilosimama mbele yake. Nilikaa pale chini kwa muda mrefu.

Kuna hadithi ya Kimarathi kwamba malkia aliapa kutokula mpaka aone kilele cha hekalu la Shiva. Mafundi wakasema ni kazi ya miezi mingi. Fundi mmoja, Kokasa wa Paithan, akaahidi ataonyesha kilele ndani ya wiki moja, akaanzia juu. Ni hadithi tu, ila aliyeitunga aliijua kazi ya mawe.

Jambo moja linawahusu watu wa upande wetu huu wa bahari. Mwendo mfupi kutoka Ellora, pale Khuldabad, kuna kaburi la Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akafikishwa India, akapanda hadi kuwa mtawala wa kweli wa dola la Ahmadnagar. Mji ule wa Aurangabad aliuasisi yeye, mwaka 1610, ukiitwa Khadki. Na Uhabeshi huohuo una makanisa ya Lalibela, yaliyochongwa kushuka ndani ya mwamba vilevile. Niliposimama kaburini pale nilijiuliza kama mzee yule aliwahi kwenda kulitazama Kailasa, na kama alijisikia yuko nyumbani.

Waraka wa shaba wa mwaka 812, uliopatikana Baroda, unalisifu hekalu hili. Unasema miungu walipopita angani walistaajabu, wakadhani limejiumba lenyewe. Kisha unasema kwamba hata aliyelijenga alishangaa, akajiuliza amewezaje. Jina la mfalme limo kwenye waraka. La fundi halimo, na hilo linaniuma.

Lakini kwenye ukuta wa nyuma wa shimo, mahali pasipo na sanamu, alama za tindo zimebaki kama zilivyoachwa, fupifupi, zimebanana. Niliweka kidole ndani ya moja, kikaenea. Kijana, tafadhali zima taa za mbele, niwaonyeshe picha ya ukuta huo.