Ufukwe wa Jirani na Saa ya Maji

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitazungumza juu ya ufukwe ulio karibu na nyumbani, ule ambao mtu huufikia kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi moja, akarudi kabla ya giza. Nina hoja moja, nami naisema mapema ili mnisikilize mkiipima. Ufukwe wa karibu humpa mtu uhuru ambao ufukwe wa mbali, hata uwe na sifa kiasi gani, hauwezi kumpa: uhuru wa kuchagua saa. Anayesafiri kwa ndege huikuta bahari jinsi ilivyo. Likizo yake ikiangukia siku za maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu, hayo ndiyo atakayoyaona, kisha ataondoka. Wewe unayekaa jirani unaweza kungoja maji yafike unapoyataka, ukaenda, na baada ya wiki mbili ukaenda tena.

Basi tuanze na saa yenyewe, maana bila hiyo mengine yote hayana mguu. Mwezi huyavuta maji ya dunia. Jua nalo huyavuta, ila nguvu yake ya kuyapandisha haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika hizo 50 ndizo zinazowachanganya wengi. Mwezi nao unasonga, kwa hiyo maji yaliyopwa leo saa 4 asubuhi, kesho yatapwa inapokaribia saa 5. Mtu aliyefurahia ufukwe mpana Jumamosi moja, akarudi Jumamosi iliyofuata saa ile ile, hukuta mawimbi yanapiga ukuta. Atadhani ufukwe umeharibika. Haukuharibika, yeye ndiye aliyeusoma kwa saa ya ukutani.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hujipanga karibu katika mstari mmoja, nguvu zikaungana. Hapo ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kilele chake mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu wenyewe. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hukatana, maji yakawa mafu, yakapanda kidogo na kushuka kidogo. Karibu na Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana, bamvua huwa kubwa kuliko kawaida. Ukitaka siku moja tu katika mwaka ya kuona sehemu ya pwani ambayo huijui, itafute katika miezi hiyo.

Ukubwa wa jambo hili hutofautiana mno. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 16. Pale Hopewell Rocks watu hutembea kwenye sakafu ya bahari kati ya nguzo za mawe, na saa chache baadaye wengine hupita kwa mitumbwi kando ya vichwa vya nguzo zile zile. Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo tu, hata anayeoga asijue. Kama pwani yako ni ya namna hiyo, angalia zaidi upepo na majira. Jedwali la maji, lile linaloonyesha saa za kujaa na kupwa, halitakusaidia sana.

Kuna kanuni ya wanabaharia ambayo natamani kila mwenye mtoto aijue. Chukua saa sita za maji kutoka kupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja kati ya 12 za kimo chote. Saa ya pili, sehemu mbili. Saa ya tatu na ya nne, sehemu tatu kila moja. Kisha mbili, kisha moja. Maana yake, nusu nzima ya maji huja katika saa mbili za katikati. Mwanzoni bahari huonekana imelala, mtu akaendelea kuokota makombe, halafu ghafla inakimbia. Kwenye ufukwe wa tope ulio tambarare ni hatari zaidi, kwa sababu maji hayaji kwa mstari mnyoofu kutoka mbele. Hupitia vijito vilivyo chini kidogo, yakakuzunguka mgongoni wakati mbele yako bado pakavu. Februari 2004, katika ghuba ya Morecambe, Uingereza, watu zaidi ya 20 waliokuwa wakichokora kombe usiku walizingirwa hivyo wakafa maji. Walikuwa wafanyakazi wahamiaji kutoka China, wamepelekwa pale bila aliyewaeleza saa ya maji.

Kwa hiyo nenda maji yakiwa bado yanatoka. Fika saa moja na nusu au mbili kabla ya kupwa kabisa, uyafuate taratibu yanavyorudi nyuma, na yakigeuka, geuka nawe. Usingoje yaguse viatu.

Sasa, unayafuata ili uone nini? Kama ni pwani ya mwamba, utaona ngazi za maisha. Juu kabisa, mahali panaporushiwa matone tu, kuna konokono wadogo wanaovumilia jua kwa kujifunga ndani ya makombe yao. Chini yao, viumbe wa magamba waliojibandika kwenye jiwe. Halafu kome waliosongamana. Halafu mwani mzito, na chini yake mambo ambayo hufunuliwa siku za bamvua tu: viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, jongoo bahari, pweza mwenyewe akibadilisha rangi kwenye kidimbwi. Kila ngazi ina sababu yake. Mpaka wa juu kwa kawaida huwekwa na ukame na joto, yaani kiumbe anaweza kukaa nje ya maji kwa muda gani bila kufa. Mpaka wa chini mara nyingi huwekwa na anayemla au anayemnyang'anya nafasi.

Jambo hilo la mwisho tunalijua kwa sababu ya mtu aliyekuwa na ufukwe wake na akaurudia. Robert Paine, mwanabiolojia wa Marekani, alianza mwaka 1963 kwenda Mukkaw Bay, katika jimbo la Washington. Alichagua kipande cha mwamba, akang'oa viti vya pweza vyote na kuvitupa baharini. Kipande cha jirani hakukigusa. Alirudi tena na tena, kila safari akiving'oa vilivyoingia upya. Kwa kuwa kiti cha pweza ndicho kilichokuwa kikiwala kome, kome walienea, wakafunika jiwe lote, wakawasukuma wengine nje. Katika kipande kile aina 15 za viumbe alizokuwa akizihesabu zilipungua hadi 8. Tangu hapo elimu ya mazingira ina fikra ya kiumbe mmoja anayebeba wenzake wengi, aliyoipa jina mwaka 1969. Angekwenda mara moja, akapiga picha na kuondoka, angeona mwamba mzuri wenye kome, basi. Aliyoyaona yalihitaji marudio.

Sisemi mng'oe chochote. Nasema kinyume chake: ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, upande ule ule juu, kwa sababu walio chini yake watakauka na walio juu yake watakosa mwanga. Na kombe tupu si lazima liwe tupu. Mtazame kwanza kaa aliyehamia humo.

Mchanga nao nitautaja kwa ufupi, ingawa ningeweza kukaa nao jioni nzima. Chota kiganjani uuangalie kwa kioo cha kukuzia. Chembe zinazong'aa kama glasi mara nyingi ni za mawe ya bara, zimebebwa na mito kwa maelfu ya miaka. Mchanga mweusi wa Punaluʻu huko Hawaii ni lava iliyopasuka ilipokutana na maji. Mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe, sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa samaki: pono huyakwangua matumbawe kwa meno, akala kilichomo, akatoa mchanga. Pono mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kwa hiyo mahali pono wanapovuliwa wote, ufukwe nao unapoteza mmoja wa watengenezaji wake.

Nitarudi kwenye hatari, maana wanaojua ufukwe wao ndio wanaojiamini kupita kiasi. Mawimbi yanayovunjika pwani huleta maji, na maji hayo lazima yapate pa kurudi. Mara nyingi hurudi kupitia mkondo mwembamba unaokata mawimbi kuelekea nje. Kwa macho ya asiyejua, hapo ndipo panapoonekana pazuri pa kuogelea: mawimbi hayavunjiki, maji yametulia, rangi ni nyeusi kidogo, povu au mchanga unasafiri kwenda baharini. Mkondo huo unaweza kukimbia mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa Olimpiki huiweza kwa muda mfupi tu. Anayeshindana nao kurudi moja kwa moja pwani huchoka, na uchovu ndio unaomzamisha. Elea, inua mkono uonekane, kisha ogelea sambamba na pwani mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeukie nchi kavu kwa pembe. Kabla ya kuingia, panda mahali palipoinuka uutazame ufukwe kwa dakika kumi. Mkondo huonekana vizuri zaidi kutoka juu kuliko kutoka ndani.

Kuna wengine pia wanaoishi kwa saa ya maji. Vitwitwi na ndege wa jamii yao hula pale tope linapofunuliwa, na maji yakijaa husimama makundi makundi kwenye ukingo, wakingoja. Mtu au mbwa anayewakimbiza ili waruke kwa picha hajui wanachopoteza. Oktoba 2022 ndege mmoja mchanga wa jamii hiyo, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Safari hiyo hulipwa kwa mafuta ya mwilini, na mafuta hayo hukusanywa kwenye fukwe za tope. Kila kurushwa bure ni mafuta yanayoteketea. Wapitieni mbali.

Kasa naye ana tatizo la taa. Watoto wa kasa hutoka shimoni usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa mamilioni ya miaka umekuwa upeo wa bahari. Taa za hoteli na tochi za wageni huwavuta kuelekea barabarani. Ukikutana na kasa anayetaga, zima tochi, usimsogelee, kaa nyuma yake bila kumkatia njia ya kurudi majini. Na yale marundo ya mwani mkavu ambayo watu huyaita uchafu, yaacheni. Humo wamo wadudu wanaolisha ndege, na mbolea ya majani yanayoshika matuta ya mchanga. Okoteni plastiki iliyomo kwa mkono. Trekta la kusafisha huondoa vyote viwili.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Ufukwe uko karibu pale tu ambapo kuna njia ya kuufikia. Nyumba inaweza kuwa mita 300 kutoka majini, na katikati pakawa na ukuta. Wako waliolishughulikia hilo kwa sheria. Oregon, Marekani, ilitangaza mwaka 1913 kuwa ufukwe wake ni barabara kuu ya umma, na hoteli moja ilipozungushia uzio mchanga mkavu, jimbo lilipitisha sheria ya mwaka 1967 iliyolinda haki ya watu wote mpaka kwenye mstari wa mimea. Ufaransa iliweka mwaka 1976 haki ya watembea kwa miguu kupita kwenye ukanda wa mita 3 katika ardhi binafsi inayopakana na bahari. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea lenyewe. Kila mahali kulikuwa na watu waliokuwa wakiutumia ufukwe ule na waliokataa kuupoteza. Njia isiyopitwa huzibwa kirahisi. Kuitumia njia ya umma ni sehemu ya kuilinda, pamoja na kuandika barua inapozibwa.

Wengine mmeniuliza kabla sijaanza, mtu wa kawaida afanye nini hasa akirudi kila mara. Jibu langu ni kuweka kumbukumbu. Ufukwe wa Narrabeen, Sydney, umepimwa kila mwezi tangu 1976, na kwa vipimo hivyo wataalamu wameona jinsi mchanga unavyochukuliwa na dhoruba na kurudishwa taratibu na mawimbi matulivu. Mwaka 2017, katika jiji hilo hilo, ulianzishwa mradi uitwao CoastSnap: kishikio cha chuma kimefungwa mahali maalumu, mpita njia yeyote anaweka simu yake, anapiga picha na kuituma, na picha za watu wengi hupimwa kuona mstari wa maji ulivyosogea. Mahali pasipo na kishikio, chagua jiwe au nguzo isiyohama, simama hapo hapo, elekeza simu upande ule ule, uandike tarehe, saa, na maji yalikuwa yamefika wapi katika kupwa au kujaa kwake. Hilo la mwisho usilisahau. Picha mbili zilizopigwa katika vimo tofauti vya maji haziwezi kulinganishwa, na mabishano mengi kuhusu fukwe zinazoliwa huanzia hapo.

Majedwali ya mwezi huu nimeyaweka pale mlangoni. Maswali yakaribie.