Kwa Nini Mikono ya Kiti Ilirudi Nyuma

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mnasomea useremala na ushonaji, kwa hiyo sitaanza na wafalme. Nitaanza na kiti.

Hiki mnachokiona pichani ukutani ni kiti cha Paris cha miaka ya 1740, cha mtindo uitwao Rokoko. Tazameni mikono yake. Ile nguzo inayobeba mkono haikupanda moja kwa moja kutoka mguu wa mbele, kama ilivyokuwa kwenye viti vya zamani zaidi. Imerudishwa nyuma, ikashikizwa ubavuni mwa kikalio. Seremala yeyote hapa atauliza: huyu mwenzetu alijitia taabu ya nini? Nguzo ikiwa kipande kimoja na mguu, kiti kinakuwa imara na kazi inakwisha haraka. Jibu lake halimo kwenye mbao. Limo kwenye gauni.

Kwenye miaka ya 1720 wanawake wa tabaka la juu Ufaransa walikwisha kuzoea kuvaa, chini ya gauni, fremu ya pete za henzirani au za mabamba yanayonyumbuka ya kinywani mwa nyangumi. Waliiita panier, yaani tenga, na kwa kweli lilikuwa tenga. Lilitanua gauni kulia na kushoto, na kwenye sherehe za ikulu upana wake ulipita mita moja. Juu yake ilitandazwa hariri, ile nzuri kabisa ikitoka Lyon, na mgongoni marinda mapana yalishuka kutoka mabegani mpaka sakafuni. Sasa mwambie mwanamke huyo akae kwenye kiti ambacho mikono yake inaanzia ukingoni mwa mbele. Atakaaje? Hariri itabanwa, tenga litainuka. Basi fundi akairudisha mikono nyuma, gauni likapata pa kumwagikia.

Rokoko hufundishwa kama zama za mapambo, madoido na anasa tupu. Mimi siioni hivyo. Naiona kama zama ambazo mshonaji na seremala walifanya kazi kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho kilikuwa mwili wa mtu aliyeketi akizungumza na mwenzake.

Chanzo chake tukipitie upesi. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifariki Septemba 1715, akamwachia ufalme kitukuu chake wa miaka mitano. Mtawala wa muda, Philippe d'Orléans, aliihamishia serikali Paris, na mfalme na watu wake hawakurudi kwenye kasri la Versailles, nje ya Paris, mpaka 1722. Waungwana wakajijengea nyumba mjini, zenye vyumba vidogo vya kupokelea wageni wachache. Kuta zilichorwa mizabibu, mawimbi na makombe ya baharini. Neno Rokoko lenyewe lina asili ya rocaille, kazi ya mawe na makombe iliyopamba mapango ya bustanini. Na msisahau kwamba usiku vyumba hivyo vilimulikwa kwa mishumaa. Uso uliopinda ukipakwa dhahabu unaudaka mwanga wa mshumaa kutoka kila upande, na kioo kilicho mkabala kinaurudisha. Ukiwasha taa za umeme, nusu ya kazi ya fundi inapotea.

Naomba picha ya pili. Hii ameichora François Boucher mwaka 1756, na sasa iko Munich, Ujerumani. Mwenye gauni la kijani lililotapakaa mawaridi ni Madame de Pompadour, kipenzi wa Louis XV, mwanamke aliyekipigania kwa nguvu kiwanda cha kauri cha Sèvres. Watu hulitazama gauni wakaishia hapo. Tazameni kijimeza kilicho kando yake. Droo imefunguliwa, ndani mna kalamu ya unyoya na wino. Mkononi ana kitabu. Nyuma yake kioo kinaonyesha kabati la vitabu lenye saa juu. Meza ile ni nyepesi, inahamishika, na kimo chake kinamfaa mtu aliyejiegemeza kochini. Mwanamke huyu amechagua kuonekana kama msomaji, na fanicha ndiyo inayomsemea.

Kiti kama kile cha mwanzo hakikutengenezwa na mtu mmoja. Kilipitia kwa seremala, kwa mchongaji, kwa mpaka dhahabu, na mwisho kwa fundi wa vitambaa, kila mmoja na chama chake. Katika nyumba tajiri kikalio kilitandikwa kwenye fremu ya kuchomoa, ili mahameli ya majira ya baridi yabadilishwe kwa hariri ya kiangazi.

Gharama yake nyingine lazima niitaje, maana inanisumbua kila nikitazama picha hizi. Mapambo ya shaba yalipakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha yakachomwa mpaka zebaki igeuke mvuke. Mafundi waliuvuta mvuke huo, nao ni sumu. Sukari na kahawa za sebule zile zilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Hata pwani yetu imo humo: mwaka 1776, miaka miwili baada ya kifo cha Louis XV, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi.

Wakati huo mtindo wenyewe ulikuwa umekwisha kuchosha watu. Tangu 1754 msanii Charles-Nicolas Cochin alikuwa amewaandikia mafundi gazetini, akiwasihi kwa kejeli wavinyooshe vitu vinavyopaswa kunyooka.

Nimalizie na kitu ambacho hakionekani pichani. Sheria za chama cha maseremala wa Paris, zilizosajiliwa mwaka 1751, zilimtaka fundi agonge muhuri wa jina lake kwenye kazi yake. Kwenye kiti aliugonga chini ya fremu, mahali ambapo hapaonekani mpaka ukipindue. Mmoja wao, ambaye alitengeneza baadhi ya meza na makabati bora kabisa ya karne ile, aligonga herufi nne tu: BVRB. Wataalamu waliziona herufi hizo kwa miaka mingi bila kujua ni za nani. Ilikuwa mwaka 1957 ndipo ilipofahamika kwamba ni Bernard van Risenburgh.