Leteni Tope Darasani
(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, Malindi)

Walimu wenzangu, ardhioevu ni nini sitaeleza. Baadhi yenu mmevuka daraja la mto Sabaki asubuhi hii kuja hapa, mkaiona, ardhi ya tope na maji. Nimekuja na lile lile langu, leteni tope darasani, na wanaonijua wameshaliona beseni mezani.

Ndani yake mna tope la mikokoni. Nimefukia maharagwe, mengine juu juu, mengine chini kabisa, nikatia maji kidogo na kumwaga makapi ya mchele. Wape watoto midomo mitatu. Kibanio cha nguo ni mdomo mfupi wa kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni. Vijiti viwili virefu ni sululu, ndege wa mdomo mrefu, ambaye hudunga tope hadi ndani. Chujio la chai ni heroe, huyu mnayemwita flamingo, ambaye huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, ndipo akachuja. Kila mmoja ale kwa dakika moja. Hesabuni, andikeni kwenye jedwali. Ongezeni maji, rudieni. Kibanio kitakosa, vijiti vitashiba. Hapo mtoto ataona kwa nini ndege wa kila aina hula pamoja mlangoni mwa Sabaki, na wewe hujaandika neno ubaoni.

Sasa sikilizeni. Katika darasa moja la gredi ya 4, msichana mwenye chujio alikuwa hapati kitu. Makapi yalikuwa yamelowa, yametuama chini. Akatia vidole, akalivuruga tope, makapi yakapanda, akachuja akajaza. Mwalimu wake akamkemea: unaiba! Akamfutia hesabu yake. Nikamwambia, ngoja mwalimu, ngoja! Heroe akila hufanya nini? Hukanyagakanyaga tope kwa miguu ili chakula kiinuke majini. Mtoto yule hakuwa ameambiwa hilo na mtu. Alilifikia mwenyewe, kwa sababu chujio lilikuwa tupu na wenzake wanakula.

Kisa hiki nakisimulia kila ninapoitwa, na nitakisimulia tena. Mwalimu yule si mtu mbaya. Amezoeshwa kwamba jibu liko kitabuni, na mtoto akitoka nje ya maagizo amekosa. Katika sayansi, akitoka nje ya maagizo mwulize: umeona nini? Kisha mchoreeni safu mbili, chujio bila kuvuruga na chujio kwa kuvuruga, darasa zima lijaribu. Msimfutie mtoto hesabu aliyoipata kwa akili yake!

Kuna anayesema moyoni: si tuwapeleke mtoni kwenyewe? Wapelekeni, pamoja na mwenyeji anayepajua. Lakini Sabaki ina viboko na mamba. Watoto arobaini na mwalimu mmoja kwenye ukingo ule, mimi sikubali. Tena topeni huendi kwa kengele ya shule, unakwenda kwa maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, tope huwa wazi mbali kabisa, na maji yakianza kurudi hayamngoji mtoto aliyezama magotini. Mwingine anasema hatuna maabara. Maabara ya nini, kwa kazi ya chujio la chai? Mwingine, watachafuka. Ndiyo, watachafuka, na watanawa.

Muda umeniishia, mwenyekiti ananitazama. Basi haraka. Siku ya jua chumeni jani la mchu, mti wa mikokoni, watoto watazame chembe nyeupe juu yake, kisha waliguse kwa ulimi. Chumvi! Mti unaitoa kupitia jani. Mkoko nao huizuia kwenye mizizi, lakini hiyo ni siku nyingine. Mvua ikinyesha bara, tekeni chupa ya maji ya Sabaki, iacheni dirishani hadi kesho, tope lililotuama lipimwe kwa rula. Limetoka wapi? Ramani iko ukutani: Sabaki, Galana, Athi, mto mmoja kwa majina matatu. Waufuate mto kwa kidole hadi mashamba ya Machakos. Ndege wanaotaga Siberia na kukaa nasi wakati wa kaskazi nilitaka kuwasema, nawaruka.

La lazima ni hili. Mkileta kaa darasani, awe mmoja au wawili, kivulini, katika maji ya pale pale alipotolewa, wala msimtie ya mfereji. Achorwe, ahesabiwe miguu, na siku hiyo hiyo arudishwe kwake na mtoto aliyemchora.