Mti wa mawe wa Inverleith: maongezi kabla hatujaenda bustanini

Wazee wetu shikamooni, na nyie wengine habari za mchana, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Jumamosi tunaenda Royal Botanic Garden, ile bustani ya Inverleith hapa hapa Edinburgh, na najua wengi mshapita pale sana maana kuingia ni bure, watoto wanakimbia, picha zinapigwa, basi tunarudi nyumbani. Mi leo naomba tuongelee kitu kimoja tu kilichopo pale karibu na nyumba za vioo, shina la mti lililogeuka jiwe, limelazwa chini nje kabisa, na watu wanalipita wakidhani ni gogo tu la kawaida. Lile gogo lina umri wa miaka kama milioni 330.

Hiyo namba ni kubwa mpaka haiingii kichwani kwa hiyo tuiweke hivi: dinosaria wa kwanza walikuja karibu miaka milioni 100 baada ya mti huu kuanguka. Ndege hakuna, maua hakuna, nyasi hakuna, nyuki ndo kabisa. Na hii ardhi tunayoiita Scotland haikuwa huku kwenye baridi, ilikuwa karibu na ikweta, yaani mabara yanatembea jamani, sentimita chache kwa mwaka lakini yakipewa muda wa namna hiyo yanafika mbali. Mti umekulia kwenye joto, halafu ardhi yenyewe ikaubeba mpaka huku. Kwa mtu aliyezaliwa Mombasa au Kampala nadhani hilo peke yake linatosha kumfanya asimame.

Ulitoka Craigleith, si mbali na bustani, unaweza kutembea kwa miguu. Pale palikuwa na machimbo makubwa ya mawe, shimo lilizidi kina cha mita 100, na majengo mengi mnayoyaona New Town, ule mtaa wa zamani wa katikati ya Edinburgh, yamejengwa kwa jiwe la pale. Jiwe lenyewe ni mchanga wa mto wa zamani uliogandamana, na miaka ya 1820 na 1830 wachimbaji wakawa wanakutana na mashina mazima humo ndani. Miti ilianguka mtoni, ikafunikwa na mchanga haraka kabla haijaoza, kisha maji yenye madini, hasa ya chokaa, yakapenya taratibu na kuganda ndani ya kila kitundu cha mbao. Ni kama ile chokaa inayojaa ndani ya birika ukichemshia maji ya kisima, ila hapa kila chembe ya mti ndo birika.

Sasa hapa ndo pananigusa mimi. Wakati huo watu waliona kisukuku, yaani kiumbe wa zamani aliyegeuka jiwe, kwa nje tu, gome, umbo, wanakisia. Edinburgh alikuwepo mtu anaitwa William Nicol, akachukua kipande cha jiwe, akakisugua upande mmoja mpaka kikawa laini kabisa, akakigandisha kwenye kioo kwa utomvu wa mti, akasugua upande wa pili mpaka jiwe likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Siku hizi vipande vya namna hiyo huwa na unene wa milimita 0.03 hivi. Ukikiweka chini ya hadubini, mbao inarudi! Unaona vijumba vidogo vya pembe nne vimepangwa safu kwa safu, kuta zake zipo, na katikati ya safu inapita miale inayotoka kiini kwenda kwenye gome, mipana kidogo, na hiyo miale ndo moja ya alama za mti huu.

Henry Witham akaitumia mbinu hiyo kwa miti ya mawe, na mwaka 1831 akachapisha kitabu chenye michoro ya ndani ya miti hiyo. Ilikuwa kazi kubwa kwa sababu wasomi wengi waliamini misitu ya enzi za mkaa wa mawe, ndo enzi za mti wetu huu, ilikuwa ya makangaga na jamaa zake tu, kumbe kulikuwa na miti mikubwa ya mbao ngumu, ndani inakaribiana na msonobari ingawa sio msonobari, ni katika miti ya mwanzo mwanzo kuzaa mbegu. Jina lake la kisayansi ni Pitus withamii, ndo huyo Witham.

Wengine mmeniuliza kuhusu Glasgow, ile Fossil Grove kwenye Victoria Park. Ile ni nzuri sana, visiki 11 viligunduliwa mwaka 1887 vimesimama pale pale vilipoota, na mizizi yake. Ila kule ndani ya visiki kulioza, mchanga ukajaa, kwa hiyo una umbo la mti lakini huna mbao ya kuisoma. Huku kwetu mti hauko mahali pake lakini ndani umebaki. Inabidi uone kote kuwili.

Na Craigleith yenyewe ukienda leo utakuta maduka, shimo lilishafukiwa. Kama wale wachimbaji wangevunja mashina yote kama mawe mengine tusingekuwa na cha kuongea, ndo maana nawaza sana kuhusu Sibiloi, ile hifadhi ya taifa kule Ziwa Turkana, ambako dunia nzima inajua mafuvu ya watu wa kale ya Koobi Fora lakini wachache wanajua kuna miti ya mawe imelala wazi juani. Ndugu zetu wa Kenya mkienda likizo, nendeni mkaione, piga picha kadri utakavyo, lakini kipande hata cha ukubwa wa kidole kikae pale pale, maana kikishakuwa kwenye kabati la mtu hakuna tena anayejua kilitoka tabaka gani la mwamba.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi, geti la mashariki. Watoto waje na lenzi kama wanazo, hakuna kukwaruza jiwe tafadhali. Ya Glasgow tutapanga, tutapanda treni, ila lile jengo la visiki halifunguliwi kila siku kwa hiyo tucheki kwanza. Haya, maswali, mama pale nyuma nimekuona, karibu.