Upupu, Vyura na Dopamini

Hamjambo nyote. Wangapi hapa wamewahi kuguswa na upupu? Naam, watu wa Pwani wamewatangulia wenzao wa Nairobi kuinua mikono. Tutaurudia. Leo tunazungumzia kemikali ambazo seli za neva hutumia kupashana habari.

Seli zetu nyingi za neva hazigusani. Baina yake kuna upenyo wa nanomita 20 hivi, na umeme wa neva ukifika ukingoni hukwama. Hapo seli humwaga kemikali, ikavuka na kunasa kwenye vipokezi vya ng'ambo. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha hilo kwa mioyo miwili ya vyura. Aliisisimua neva ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye wa pili, nao ukapunguza mwendo. Wazo alisema alilipata ndotoni, akaliandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake! Bahati yake ndoto ilirudi usiku uliofuata.

Sasa ugonjwa wa Parkinson. Mzee mkono watetemeka, hatua zimefupika, uso umekakamaa; mtaani utasikia "uzee huo" au "karogwa". Kumbe seli zinazotengeneza dopamini, mojawapo ya kemikali hizo, katika ubongo wa kati zinakufa polepole, na dalili zinapoonekana nyingi zimeshakufa. Dopamini yenyewe ukimpa haifai kitu, maana haipenyi kutoka damuni kuingia ubongoni. Inayopenya ni malighafi yake, levodopa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasayansi Arvid Carlsson aliwalegeza sungura kwa reserpini, dawa inayomaliza dopamini, kisha akawadunga levodopa, wakachangamka tena.

Na levodopa imo ndani ya mbegu za upupu. Jamani, msikimbilie kuzichemsha! Mbegu hazilingani kwa kiasi cha levodopa, na kipimo kikizidi kina madhara yake. Hata vidonge vina masharti: protini hushindania njia na dawa, kwa hiyo mpenda nyama choma ameze mapema, kabla sahani haijafika.

Kifafa nitakigusa tu: dawa yake, fenobabito, huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli.

Ila mtu akikwambia sonona nayo ni serotonini, kemikali nyingine ya neva, iliyopungua, basi, mimi hapo nasita. Vidonge vyake vingi huiongeza serotonini kwenye ule upenyo ndani ya saa chache, lakini mgonjwa hungoja wiki kadhaa ndipo apate nafuu. Ingekuwa ni pengo la kujaza tu, angeamka kesho yake amepona.

Mama wa kitenge cha buluu, nimeuona mkono wako. Karibu.