Tiba ya jeni ya sikoseli: tuogope nini hasa?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama tunavyoandikiwa kwenye kadi za kliniki. Kaka Baraka, msikilizaji anauliza: tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 ina madhara?

BARAKA: Inayo. Ila siku ile ziliidhinishwa mbili, Casgevy na Lyfgenia, na hatari zake hazifanani.

ZUHURA: Mimi naogopa hiyo ya kukata jeni. Mkasi ukikosea je?

BARAKA: Hiyo ni Casgevy, na hata wanasayansi wana wasiwasi huo. Ndiyo maana wagonjwa wanafuatiliwa miaka 15. Lakini kinachomwangusha mtu kitandani si mkasi, dada. Ni dawa inayotangulia.

ZUHURA: Dawa gani tena?

BARAKA: Busulfani. Seli shina zako, zile zinazozaa damu, zinatolewa, zinarekebishwa maabara, zinarudishwa mwilini. Sasa zitakaa wapi wakati uboho umejaa zile za zamani? Hupandi shamba lenye magugu. Busulfani inafyeka, na haichagui: nywele zinatoka, mdomo unajaa vidonda hata uji unachoma, kinga inashuka, damu haigandi vizuri. Unalazwa wiki kadhaa.

ZUHURA: Na uzazi?

BARAKA: Hapo ndipo penyewe. Inaweza kukuacha mgumba, kwa hiyo mgonjwa anashauriwa kugandisha mayai au mbegu mapema. Na tiba zote mbili zilianza kuruhusiwa kwa umri wa miaka 12. Mvulana ambaye hajabalehe hana hata mbegu za kuhifadhi.

ZUHURA: Yaani mama anatia saini leo, wajukuu wenyewe hajui kama watakuja. Mtihani huo! Haya, na Lyfgenia?

BARAKA: Busulfani ni ileile. Ila hii haina mkasi. Jeni inabebwa na virusi vilivyoondolewa makali, na virusi hivyo hujipachika popote. Paris iliwahi kulipia hilo. Watoto waliozaliwa bila kinga walianza kutibiwa kwa jeni iliyobebwa na virusi 1999, kinga ikarudi, watu wakashangilia. Kufika 2002, saratani ya damu. Virusi vilikuwa vimejipachika jirani na jeni moja inayoweza kuchochea saratani, LMO2, vikaiamsha. Ukijumlisha Paris na London, watoto 20, watano waliugua, mmoja akafariki.

ZUHURA: Subhanallah. Na virusi hivyo bado vinatumika?

BARAKA: Lyfgenia inatumia aina nyingine, salama zaidi. Hata hivyo imebandikwa onyo zito, kwa sababu kwenye majaribio wapo waliopata saratani ya damu. Kumjua mkosaji ni kazi: sikoseli yenyewe inaongeza hatari hiyo, busulfani nayo vilevile.

ZUHURA: Huyu msikilizaji mwanawe anatumia hidroksiyurea. Anauliza kama aiache, asubiri hii.

BARAKA: Hapana, mama! Asiiache. Casgevy ilitoka kwa dola milioni 2.2, Lyfgenia milioni 3.1, na hapo hujahesabu kulazwa. Kidonge alicho nacho kinapunguza maumivu ya sikoseli leo. Akienda kliniki aulize damu ya mtoto ipimwe lini, maana hata hidroksiyurea inaweza kushusha chembe nyeupe.

ZUHURA: Na maji anywe ya kutosha, hasa joto hili la Dar. Tupokee simu ya kwanza.